Diski imeanguka na sasa inalia tik tik: kabla hujampa fundi wa tatu

Dada yangu, swali lako nimelisoma mpaka mwisho, wacha niliweke kwa ufupi ndo hata wengine wafuate. Wewe ni mpiga picha na video huko Kakamega, harusi, matanga, mahafali, na kazi ya karibu mwaka mzima iko kwa haddiski moja ya nje ya 1TB. Ilikuwa ikikopi video, mtoto akajikwaa kwa waya, ikaanguka sakafuni ikiwa bado inazunguka. Tangu hapo inalia tik tik tik, saa zingine jina lake linatokea kwa Windows alafu kompyuta inaganda, saa zingine Windows inasema lazima ifomatiwe kwanza. Fundi wa kwanza aliwasha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, ikakwama katikati, wa pili anataka aifomati ndo arikava, binamu yako anasema uiweke friza usiku kucha, na wewe umeona video ya mtu akifungua diski kwa bisibisi juu ya meza ukajiuliza kama ni kitu unaeza jaribu. Unachotaka kujua ni kama video za matanga ya yule mzee bado ziko, juu familia inangoja.

Kwanza chomoa. Kama imechomekwa mahali saa hii, chomoa kabla hujaendelea kusoma, usingoje hata Windows ikupe ruhusa. Alafu tafuta zile kadi za kamera ulizotumia kwa hizo kazi, ziweke kando, usipige nazo picha hata moja. Nitarudi kwa hizo kadi huko chini.

Sasa, ziko? Kwa uwezekano mkubwa ndio. Data ni alama za sumaku kwa uso wa plata, yaani ile sahani inazunguka ndani, na plata ikianguka haisahau kitu. Kinachoumia ni kile kinachosoma, kinaitwa hedi. Shida ni kwamba kikishaumia na wewe uendelee kukiwasha, kinaanza kuharibu hata ile plata, na hapo ndo vitu vinapotea kabisa, sio siku ile ya kuanguka.

Na hapa ndo watu wengi wanapotea njia, mafundi wakiwemo. Kurekebisha diski na kutoa data ni kazi mbili tofauti na mara nyingi zinapingana. Fundi wa laptopu hapa Kisumu ama Kakamega amezoea mteja anataka mashine ifanye kazi, kwa hivyo kila kitu anajua ni cha kufanya mashine ifanye kazi: chkdsk, fomati, weka Windows upya. Si mtu mbaya, ni vile swali analojibu si lako. Wewe hiyo diski huitaki tena. Hata ikirudi kuwaka leo ikiimba, mimi singeiwekea hata picha moja. Unachotaka ni kile kiko ndani kitoke mara moja kiende mahali pengine, alafu hiyo chuma itupwe. Mtu yeyote akikwambia "nitakurekebishia diski", muulize kwanza data anaitoaje na anaiweka wapi kabla hajagusa kitu.

Chkdsk kwa mfano. Kazi yake si kuokoa faili zako, kazi yake ni kuhakikisha orodha ya faili inaeleweka. Ikikuta ingizo haliwezi kusoma inalikata, na vipande vinavyobaki inavitupa kwa foda ya found.000 vikiitwa FILE0000.CHK na kuendelea, bila jina bila tarehe. Na kama iliwashwa na ile /r, inajaribu kusoma kila sekta, yaani kila kipande kidogo, ya diski nzima. Kwa diski yenye hedi imeumia hiyo ni kama kumlazimisha mtu aliyevunjika mguu akimbie ndo uone kama amepona. Bahati yako ni kwamba ilikwama, manake pengine haikuandika mengi. Muulize huyo fundi iliendelea kwa muda gani na kama aliona asilimia yoyote, hiyo habari utaihitaji mbele.

Wacha nieleze hiyo tik tik ni nini juu ukiielewa hautababaishwa na mtu. Ndani kuna plata moja ama mbili zinazunguka, kwa hizi ndogo za inchi 2.5 nyingi ni mizunguko 5400 kwa dakika, na juu ya kila uso kuna hedi ndogo sana inaelea kwa hewa. Umbali kati ya hedi na plata ni chini ya nanomita 10, na unywele wa mtu una unene wa nanomita kama elfu 50 mpaka laki moja, kwa hivyo hebu piga hiyo hesabu. Diski ikiwa imezimwa hedi zinapumzika pembeni kwa kingazi kidogo nje ya plata, ndo maana ikianguka ukiwa umeibeba kwa mfuko mara nyingi inapona. Yako ilianguka hedi zikiwa kazini. Saa hii kila ukiiwasha hedi zinatoka, zinatafuta alama za kuzielekeza, hazizipati ama hazizisomi, mkono unarudi pembeni kwa kishindo, zinajaribu tena. Hio ndo tik. Na kama hedi moja imepinda ama ile ncha yake imeng'oka, kila jaribio ni chuma inapita juu ya picha za watu.

Kwa nini basi jina linatokea saa zingine? Juu pengine si hedi zote zimekufa. Hedi iliyobaki inasoma ile sehemu ya siri ambayo diski huweka programu zake yenyewe, inajitambulisha kwa kompyuta, "mimi ni fulani wa 1TB", alafu Windows ikiomba faili zilizo upande wa hedi mbaya kila kitu kinaganda. Hii ni habari nzuri kidogo, nitaeleza kwa nini.

Sasa hizo ushauri ulizopewa. Kufomati kwanza: hapana, na si kwa sababu ya zamani tu. Zamani fomati ya haraka ilikuwa inafuta orodha peke yake na faili zinabaki, ndo hiyo mbinu ilizaliwa. Lakini tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri kila mahali. Na diski nyingi ndogo za 1TB za miaka ya karibuni zinatumia SMR, ile ya mistari ya data kupandiana, na baadhi yazo zinakubali amri ya TRIM, ya kuiambia diski sehemu gani hazina kazi tena, kama SSD, yaani hata fomati ya haraka inaeza fanya diski ikuonyeshe sifuri tupu ukienda kurikava. Huyo fundi wa pili mwambie asante, uchukue diski yako.

Friza. Hii imekaa miaka mingi na haifi. Kulikuwa na diski za zamani ambazo hedi zilikuwa zinagandana na plata ama beringi zinakwama, baridi ilikuwa inazisaidia kidogo. Diski ya leo ukiitoa friza ukaiweka kwa hewa ya huku, na sisi wa karibu na ziwa tunajua hewa ni ya maji, unyevu unatua juu ya plata kama vile miwani inavyofanya ukungu, alafu unaizungusha hedi zikutane na tone la maji. Muache binamu aweke samaki kwa friza.

Kuifungua mwenyewe. Maabara zinazofungua diski zinatumia hewa iliyochujwa, kiwango cha ISO 5, ambacho kwa kila mita ya ujazo hakuruhusiwi zaidi ya chembe 3,520 za nusu maikromita na kwenda juu. Nusu maikromita ni nanomita 500, na nimesema hedi inaelea chini ya 10. Chumba chako kina mamilioni ya hizo chembe hata kama umepiga deki. Wale wa kwenye video wanafungua diski ya kutupwa ama hawakuonyeshi ilikaa dakika ngapi baadaye. Pia usizibe kile kitobo kidogo kimeandikwa kisizibwe, diski si ombwe, inapumua kupitia hapo na kuna chujio ndani.

Kabla sijaendelea na yako, wacha niwajibu wengine ambao najua watauliza, juu kila diski ina kilio chake. Kama haizunguki kabisa, kimya, na ni ile kubwa ya adapta ya volti 12, fikiria kama kuna mtu alichomeka chaja ya laptopu ya volti 19, hiyo tundu mara nyingi inafanana. Kwa bodi kuna dayodi ya kujitoa mhanga inaungua ndo bodi ipone, na mtu anayejua kusoda anaeza kuitoa diski ikawaka, tena hii ni kazi fundi mzuri wa bodi hapa mjini anaiweza kabisa. Stima ikirudi kwa kishindo pia inafanya hivyo. Kubadilisha bodi nzima kutoka diski nyingine usidanganyike, diski za siku hizi bodi ina chipu yenye vipimo vya ile diski moja peke yake, isipohamishwa haisomi. Kama inatoa mlio mwembamba wa pii pii bila kuzunguka, hedi zimegandana na plata ama mota imekwama, usiigonge. Kama unaskia kukwaruza, ng'oa waya. Na kama inalia tik lakini haijawahi anguka, badilisha kebo na port kwanza, mara moja tu, juu port ya USB 2.0 imepangiwa miliampia 500 na diski nyingine wakati wa kuanza kuzunguka zinataka zaidi ya hapo, ikikosa inalia vilevile.

Wale ambao diski yao inazunguka vizuri, hailii, ila iko slow na inaganda, hao ndo wanaeza kujisaidia nyumbani. Angalia afya yake na programu ya CrystalDiskInfo, mistari ya kutazama ni 05, C5 na C6, ndo inahesabu sekta mbovu. C7 ikiwa peke yake mara nyingi ni kebo. C5 ikiwa na namba, acha kufungua foda moja moja. Washa kompyuta na Linux ya flash, tafuta diski isiyo na shida na kubwa kuliko hiyo, alafu tumia ddrescue, programu ya kukopi diski mgonjwa yote iwe faili moja, hiyo faili ndo imeji:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/ramani.log

Hapo sdb ni mfano, angalia na lsblk, amri ya kuorodhesha diski, ndo usikosee, ukigeuza ukaandika juu ya diski mgonjwa umemaliza kazi. Diski ya kupokea isiwe FAT32 juu hiyo haikubali faili ya kuzidi 4GB. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inachukua kwanza zile sehemu rahisi, sehemu ngumu inaruka na kuziandika kwa ile ramani, stima ikipotea unarudia amri ileile inaendelea pale ilifika. Baadaye ndo unarudi na -r3 bila -n kwa zile ngumu. Ukishapata hiyo imeji, diski ya zamani weka kwa droo, na programu za kurikava kama TestDisk, PhotoRec, R-Studio ama DMDE zote unazifanyia kwa imeji. Hapo hata ukikosea unarudia. TestDisk na PhotoRec ni za bure, usiuziwe na mtu kwa flash.

Sasa turudi kwako dada, na tuanze na kadi. Kamera nyingi ukifomati kadi inafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka zipigwe juu na zingine. Kama una kadi kadhaa na unazizungusha, kuna uwezekano matanga ya mwezi uliopita bado yako kwa kadi moja nusu ama yote. Tengeneza imeji ya kila kadi kwanza kwa hiyo ddrescue, alafu pitisha PhotoRec kwa imeji, na zile unazorikava ziweke kwa laptopu, kamwe usiziweke kwa kadi ileile. Picha za JPEG na RAW zinatoka vizuri. Video ni bahati, juu kamera zingine zinaandika video kwa vipande vilivyotawanyika na PhotoRec inategemea faili imekaa mfululizo, unaeza pata faili ya GB kadhaa haifunguki. Ikitokea hivyo usiifute, kuna programu za kutengeneza MP4 iliyovunjika zikitumia video nzima ya kamera hiyohiyo kama mfano, kwa hivyo rekodi dakika moja na kamera ileile, mipangilio ileile, kwa kadi nyingine, uiweke.

Alafu pekua pekua. Programu ya kuediti inaacha priview na kashe kwa laptopu, ukitumia Lightroom kuna foda ya priview yenye picha za ukubwa wa kutosha kuprinti ndogo. Kuna flash uliyompa mteja wa harusi. Kuna zile ulituma WhatsApp kama dokyumenti, hizo hazijapunguzwa ubora, zilizotumwa kama picha zimepunguzwa lakini ni afadhali. Kuna Google Drive kama uliwahi kupakia kionjo. Andika kwa karatasi kazi gani umepata kivingine na gani iko kwa diski peke yake. Hii karatasi ndo itakuambia kama uende maabara, juu inaeza tokea kwamba harusi zote unazo mahali na kilichobaki ni matanga peke yake, ama ukute matanga iko kwa kadi na hizo zingine wateja walishachukua zao.

Kama bado kuna kitu cha maana ndani, basi ni maabara yenye kubadilisha hedi, na mimi hiyo kazi siifanyi hapa Kisumu, huwa naelekeza Nairobi. Wanatafuta diski nyingine ya modeli ileile, mara nyingi hata programu yake ya ndani ilingane na mpangilio wa hedi ulingane, wanatoa hedi nzima kutoka hiyo wanaiweka kwa yako, alafu hawaifungui kwa Windows, wanaikopi sekta kwa sekta na mashine maalum. Bei itakuwa ya diski mpya mara kadhaa, na sehemu yake ni hiyo diski ya kuchinjwa. Ndo maana nilisema hedi moja kuwa hai ni habari nzuri: wanaeza kuzima hedi mbaya, wakatoa kwanza kila kitu cha upande mzuri kabla ya kufungua chochote. Ila ujue hii. Diski inaandika kwa kupokezana, kipande upande huu kipande upande ule, kwa hivyo ukipata upande mmoja peke yake, picha za MB 8 nyingi zinatoka nzima ama hazitoki kabisa, lakini video ya GB 10 itakuwa na mashimo. Kwa hivyo waambie tangu mwanzo kwamba unachotaka kwanza ni foda gani, jina lake na tarehe. Maabara nzuri inaeza lenga hiyo foda wakati hedi mpya bado zina nguvu, badala ya kumaliza nguvu kwa sinema ulizodaunlodi.

Uliza kwa simu kabla ya kutuma: uchunguzi ni bei gani, nikikosa data nalipa nini, mtanionyesha orodha ya faili kabla sijalipa, mnaifungulia wapi. Akijibu kwamba anaifungulia hapo kwa kaunta, kata simu. Akikuahidi asilimia mia bila kuiona, kata pia. Waambie ukweli wote, ilianguka ikizunguka, chkdsk iliwashwa, imewashwa mara nyingi kiasi gani. Omba pia waandike kwamba nakala yao itafutwa kazi ikiisha, hizo ni sura za watu wakiwa msibani na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu wewe kama mwenye studio, sio wao tu.

Kama ni ya WD, usimruhusu mtu aitoe kwa kasha lake ama apoteze ile bodi, nyingi za My Passport data imefichwa kwa msimbo na chipu ya bodi hata kama hujawahi kuweka paswedi, na port ya USB imesodwa kwa bodi yenyewe.

Kusafirisha: karatasi ya kuzuia umeme tuli ukipata, alafu sponji pande zote, kwa boksi ambayo ukiitikisa huskii kitu. Kuna watu wanaifunga kwa gazeti na kuipatia makanga wa matatu, inapita Chavakali, Mbale, Kiboswa ikiwa chini ya gunia la viazi, ikifika Kondele ukiiskiza inalia hata kama hujaiwasha. Mtu aibebe kwa mapaja mpaka mwisho, na serial namba iliyoandikwa kwa kibandiko cha diski ipige picha kabla haijaondoka kwako.

Ikirudi, usilipe salio kwa kuona majina ya faili peke yake. Jina na ukubwa vinaeza kuwa sawa na ndani ni sifuri. Fungua video za matanga, sogeza mpaka katikati, sogeza mpaka karibu na mwisho, angalia kama inaganda ama inageuka kijani, na picha zifungue kubwa kabisa sio zile ndogo za kwenye foda. Zikikubali, kopi kwa diski mbili tofauti hapohapo kabla hujaondoka, alafu ndo mlipe.